Sosi ya saladi inachacha siku ya tatu, nifanyeje bila kutia dawa?

MamaBakuli_Ipagala
Habari za jioni wapendwa. Nauza saladi, napeleka kwenye maofisi ya Mtumba, hapa Dodoma, kila siku ya kazi, bakuli 25 hadi 30. Wateja wanaisifia sosi kuliko mboga zenyewe, na hiyo sosi ndiyo inayonitesa. Natengeneza Jumapili jioni: lita 1 ya mafuta ya alizeti, ndimu 12, kitunguu saumu kichwa kizima, fungu la giligilani, chumvi, asali kidogo, vyote kwenye blenda. Jumatatu tamu. Jumanne tamu. Jumatano ule ukijani umeshakuwa rangi ya udongo, na wiki iliyopita kifuniko kiliruka paa! ndani ya daladala. Dada wa pembeni alikuwa na gauni jeupe. Nilimlipia nauli na bado alininunia mpaka tunashuka.

Friji ipo ila tunachangia wapangaji wanne, inafunguliwa kama mlango wa duka. Dawa za kuhifadhi sitaki. Kuna aliyeniambia nizidishe asali, mwingine mdalasini. Kipi kinasaidia?

Mkamua_Alizeti
Dada, upo Ugogoni, kuna mlenda, sosi ya nini? 😂 Haya, nimetania. Mafuta unachukua wapi? Yale yanayopangwa juani barabarani kwenye chupa za maji huwa yameshaanza kuharibika kabla hujafika nayo nyumbani. Jua, joto na hewa ndivyo maadui wake. Chukua yaliyokaa kivulini, nyumbani yaweke kwenye chupa ya rangi nzito, uijaze hadi shingoni. Ukinusa ukasikia kama rangi ya ukutani, hayo yamekwisha, hata siki haiyarudishi.

Mpishi_Mstaafu
Mwanangu, shukuru kifuniko kiliruka. Sosi ilichachuka ikakupigia kelele. Mimi naogopa ile isiyopiga kelele. Saumu mbichi ikizama kwenye mafuta haipati hewa, na bakteria wa botulizimu, ambao makazi yao ni udongoni, hustawi hapo hapo pasipo hewa na pasipo uchachu wa kutosha. Sumu yao unaweza usiinuse wala usiionje, na inaua. Mafuta yenye saumu mbichi yasilale nje ya friji. Ndani ya friji yape siku 4, kisha mwaga bila huruma.

Asali waache nayo. Ikiwa nzito peke yake haiozi, ila ukishaichanganya na maji ya ndimu imekuwa chakula cha hamira, ndiyo hiyo iliyokurushia kifuniko. Mdalasini wa kuzuia vijidudu ungekuwa mwingi kiasi kwamba hakuna mteja angemaliza bakuli.

Nimepika hotelini hapa Dodoma miaka mingi, na nilichokuwa nafanya ni kupunguza vitu kwenye chupa. Tengeneza msingi: vikombe 2 vya mafuta, kikombe 1 cha siki ya dukani iliyoandikwa 5%, chumvi, pilipili manga, haradali ya unga kijiko cha chai. Wengi huweka siki kikombe 1 kwa mafuta 3, lakini hao hawakai Dodoma mwezi wa kumi. Ndimu isikae humo, leo ina maji, kesho kavu, huwezi kuitegemea. Msingi huo hauna kitu kibichi, ukiwa kwenye friji nilikuwa naupa wiki 2. Uweke nyuma kabisa, usiuweke mlangoni.

Alfajiri chota wa siku hiyo tu, twanga saumu na giligilani, kamua ndimu, changanya. Ukibaki jioni, kula mwenyewe au mwaga, usirudishe kwenye chupa. Mimi niliwahi kumwaga lita 5 kwa sababu kijana wa jikoni alionja kwa kijiko akakirudisha humo humo.

Chupa iwe ya kioo, chemsha dakika 10, igeuze ikauke kabisa.

Binti_Hombolo
Shikamoo mzee. Na siki ya zabibu ya kutengeneza nyumbani? Kwetu tunayo, kali hadi inakufumbisha jicho.

Mpishi_Mstaafu
Marahaba. Ladha yake hata mimi naipenda, ila ukali wa ulimini siyo kipimo, na hiyo hakuna aliyeipima. Iingie asubuhi pamoja na saumu. Kwenye chupa ya kukaa, siki ya dukani.

MamaBakuli_Ipagala
Narudi na majibu, leo Ijumaa. Msingi wa Jumapili uko vilevile, unajitenga tu juu mafuta chini siki, nikitikisa unarudi. Chupa nimeizungushia gazeti, na mwenye friji kaniruhusu kona ya nyuma kwa bakuli moja la saladi kwa wiki. Wateja wawili wamelalamika siki imezidi.

Mpishi_Mstaafu
Hapo sasa asali yako ina kazi. Kijiko kimoja, kwenye ile ya asubuhi.

MamaBakuli_Ipagala
Sawa baba, asante sana. Kasoro imebaki moja: kinu kinaanza saa kumi na moja alfajiri, na jirani wa chumba cha pili leo kagonga ukuta mara tatu.

Mkamua_Alizeti
Mpelekee bakuli.