Mafundi umeme wa magari Tabora acheni kupiga ramli, PIMENI KWANZA! Waya mmoja umenitesa miezi minne

Wakuu poleni na majukumu. Nimekaa kimya muda mrefu ila leo acha niseme, maana hii tabia ya mafundi umeme wetu hapa mjini imenila hela na ilibaki kidogo iniulie gari kabisa.

Nina Toyota Celica ST202 ya 1994, ile ya macho manne ya duara, injini 3S-GE, gia za mkono. Gari safi. Siku hiyo natoka Urambo, nimeshapita Usoke, nikaruka tuta moja dogo tu gari ikazima. Taa za dashibodi zinawaka, stata inapiga vizuri, inashika sekunde moja halafu inakufa. Tulikaa pale barabarani giza linaingia, na mama yangu mzazi yuko ndani ya gari, nusu saa baadae nikajaribu ikawaka kama hakuna kilichotokea. Kesho yake ikazima Ipuli. Keshokutwa ikazima nikiwa naingia nyumbani.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Hakufungua boneti jamani! Kasikiliza maelezo dakika mbili, "pampu ya mafuta hiyo bosi". Hajapima presha, hajapima kama umeme unafika kwenye pampu. Na kwenye hizi Toyota za zamani kuna kiboksi cheusi pale kwenye injini kimeandikwa DIAGNOSIS, ukiunganisha tundu za FP na +B kwa kipande cha waya ukafungulia swichi bila kupiga stata pampu inanguruma yenyewe unaisikia, ukishika mpira wa mafuta unausikia umekaza. Kipande cha waya tu, bure. Badala yake nikatoa laki na themanini ya pampu, siku mbili ikazima vilevile.

Fundi wa pili ndo aliyenichefua zaidi maana huyu ana mashine na watu wanamsifia. Kaja na kidude cha OBD2, ule mfumo wa kusoma matatizo ya magari ya kisasa, na simu, kachomeka kwa adapta, haisomi. Akageuka kaniambia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, mashine haiongei nayo. Sasa we fundi, OBD2 huko Marekani imekuwa lazima kuanzia magari ya modeli ya 1996, hii ni gari ya Japani ya 1994, hiyo lugha haina! Mashine yako kutosoma sio ushahidi kwamba kontroboksi imekufa, ni ushahidi kwamba umeleta mashine isiyohusika. Lakini mi wakati ule nilikuwa sijui, nikamuamini.

Nikatafuta kontroboksi Dar, eneo la Gerezani. Nikampigia picha muuzaji ile lebo na namba zake zote, na nilimwandikia kabisa manual, 3S-GE. Kwa wasiojua, Toyota kontroboksi inaanzia 89661, igniter (kile kidude kinachoamrisha koili itoe cheche) 89621, hizo tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano za nyuma ndo zinasema ni ya gari gani, kwa hiyo kufanana namba za mwanzo peke yake hakukusaidii kitu. Nikatuma laki tatu na nusu, mzigo ukaja na basi, nafungua nakuta kontroboksi ya 3S-FE automatiki. Injini nyingine kabisa! Nampigia ananijibu vitu vya umeme havirudishwi, na baada ya hapo simu hapokei. Mbuzi kwenye gunia kabisa, tena muuzaji nilishamtumia picha ya mbuzi ninayemtaka.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Soketi moja haikuingia kwenye ile kontroboksi. Yule fundi wa pili akachukua plaizi, akaniambia bosi tukate hizi soketi tuunge waya kwa waya tutaijaribu. Ameshaushika ule mtita wa waya mkononi, waya zaidi ya arobaini zilizotoka kiwandani zimepangwa kila moja na rangi yake, na plaizi imeshafunguka. Nilipiga kelele mpaka watu wa gereji ya pili wakaja. Nikamwambia weka chini, rudishia kontroboksi yangu, nikaita watu tukaisukuma gari mpaka nje.

Baada ya hapo nikaazima multimita kwa jirani anayetengeneza redio. Usiku nikasoma, asubuhi nikaunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye kilekile kiboksi cha DIAGNOSIS, nikafungulia swichi, taa ya cheki injini ikaanza kuwaka na kuzima. Mara moja, ikapumzika, mara nne. Namba 14. Hiyo kontroboksi iliyoambiwa imekufa ilikuwa hai inasema tatizo lake miezi yote hiyo, hakuna aliyeiuliza.

14 ni ishara ya igniter, IGF. Kila plagi ikichoma, igniter inairudishia kontroboksi jibu kwamba cheche imetoka. Jibu lisiporudi kontroboksi inakata nozeli zinazopulizia petroli ili petroli isimwagike bila kuungua, ndo maana gari ilikuwa inafanya kama imekosa mafuta wakati mafuta yapo tele. Nikachomoa soketi ya igniter, swichi imefunguliwa, hapo waya wa IGF unatakiwa uwe na karibu volti 5 kutoka kwenye kontroboksi. Kwenye pini ya kontroboksi 4.9. Kwenye soketi ya igniter 4.9. Nikautikisa mtita wa waya nyuma ya dashibodi, kwenye soketi ya igniter ikawa sifuri. Nikautikisa tena, 4.9. Kontroboksi nzima, waya ndo mbovu.

Nikafungua tepu pale. Imeyeyuka kwa joto, inanata kama ulimbo, na ndani yake kuna waya umekatwa na kuungwa kwa kusokota vidole tu, pembeni yake kuna mabaki ya waya za alamu ambayo haipo tena kwenye gari. Shaba imekuwa kijani. Haijachomelewa risasi, haina kifuniko, imesokotwa ikazungushiwa tepu fundi akachukua hela yake akaondoka. Nimekata sehemu iliyooza, nimeunga kwa risasi, nimevalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Gharama haifiki elfu tano. Nimeenda Urambo na kurudi mara tatu, haijazima.

Na lile neno la "magari haya sio ya barabara zetu" nisilisikie tena. Celica imeshinda Safari Rally hapo Kenya 1993 na Juha Kankkunen, 1994 na Mkenya mwenyewe Ian Duncan, matope na mawe yale. Gari haijashindwa Afrika, imeshindwa na tepu yenu.

Upande wa spea nako kunauma. Wenye Supra A70 na A80 Toyota imeanza kuwatengenezea upya baadhi ya spea, Nissan wameanza na Skyline GT-R R32 tangu 2017, Mazda wana mpango wao wa Roadster ya kwanza. Mi niko Tabora natafuta mtumba, na huo mtumba muuzaji hataki upimwe kabla ya kulipa. Igniter inapimika, koili inapimika, alteneta inapimika, kwanini usimruhusu mteja apime?? Unaogopa nini?

Mafundi wenye akili zenu mpo na nawaheshimu, wekeni mawasiliano ya gereji zenu hapa, hata kama ni Nzega nitakuja. Ila ukija sema kwanza unapimaje ethi (waya wa nagetivu) ya injini wakati stata inapiga, ukinijibu "naangalia kwa macho" usijisumbue.

Kontroboksi ya 3S-FE automatiki ninayo ndani, haijakatwa soketi. Mwenye uhitaji aje na gari yake tuchomeke, iwake ndo alipe. Na mwenye igniter ya 3S-GE ya akiba anipe namba zote kumi za lebo, sio tano.