Bangi na unga vinamsaidia msanii kutunga, au tunadanganyana?

Fundi_Mwanjelwa: Wakuu, nina studio ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Vijana wakija kurekodi lazima kwanza watoke nje, ati bila kuvuta mashairi hayaji. Jana mmoja karudi anacheka, kakomaa na mstari mmoja hadi muda wake ukaisha, anasema ni moto. Leo nimemchezea rekodi yake akiwa mzima, akauliza: "Nani huyu kaimba ovyo hivi?" Lakini wakongwe wa jazi Marekani si walitumia, na muziki wao unasikilizwa mpaka kesho?

Mwana_Uyole: Hao hao ndio wa kuwauliza. Charlie Parker alitumia heroini, kafa 1955 akiwa na miaka 34. Na alishasema mwenyewe kwamba mwanamuziki anayedai anapiga vizuri zaidi akiwa amelewa ni mwongo. John Coltrane aliacha heroini 1957, na kazi zake zinazosifiwa zaidi zimekuja baada ya hapo. Piga hesabu, fundi.

Mnyalu_wa_Ipogolo: Mi nabisha kidogo. Bangi inatoa aibu, na aibu inaua mistari mingi. Ila kutoa aibu siyo kutunga. Huku Iringa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, kila mtu mwimbaji, asubuhi hakuna anayeukumbuka wimbo.

Fundi_Mwanjelwa: Haha, sawa. Kuanzia sasa saa inahesabika hata ukiwa nje. Ila kuna mwingine ameshaingia kwenye unga, sauti imekwisha.

Mwana_Uyole: Huyo mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wana kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini. Nenda naye, usimwelekeze tu.