Maktaba ya chuo imegeuzwa ukumbi wa shughuli wiki ya kujisomea, hii haikubaliki

Wakuu salaam. Chuo sikitaji, wanaosoma hapa watajua ni kwao na wahusika najua wanapita humu, wasome.

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zinaanza Jumatatu. Leo asubuhi watu wamefika maktaba na mabegi yao na laptop zao wanakuta karatasi ya A4 imebandikwa mlangoni kwa selotepu, "Maktaba itafungwa leo kuanzia saa 4 asubuhi hadi kesho kupisha maandalizi ya kongamano, tunaomba radhi kwa usumbufu." Haina sahihi, haina namba ya kupiga, haisemi kongamano la nini. Ukichungulia kwenye kioo unawaona wanavalisha viti vitambaa vyeupe na riboni, viti vilevile tunavyokaliaga kusoma, meza zimesukumwa ukutani zimepandishwa juu ya nyingine, na fundi wa spika anapiga haloo haloo moja mbili mlemle ndani ambamo sisi tukinong'ona tu tunatolewa nje.

Yani wiki nzima ya kujisomea hamkuona siku nyingine?

Na kabla hamjaja kunijibu kwamba maktaba ni ya jamii nzima, sikatai. Uzinduzi wa vitabu ufanyike, watoto wa shule za jirani waletwe wasomewe hadithi, wageni waje. Muhula huu kulikuwa na mafunzo ya Zotero, programu ya kompyuta ya kupanga marejeo ya ripoti yako bila kuandika moja moja kwa mkono, mkutubi aliyefundisha anajua kazi yake na ana moyo, lakini tangazo lilipostiwa asubuhi ileile ya mafunzo na nusu ya darasa letu tulikuwa na testi. Ukumbi ukabaki mtupu, halafu baadae tunasikia eti wanafunzi hatuna mwamko. Mwamko tutautoa wapi wakati taarifa zenyewe zinatufikia shughuli imeshaisha? Ingia ukurasa wa maktaba saa hii utakuta picha za mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapokea zawadi, mgeni rasmi na menejimenti. Saa za kufungua na kufunga kipindi cha mitihani hakuna mahali zimeandikwa. Tunategemea CR, mwakilishi wa darasa, apate skrinshoti kwa mtu fulani ndo atupie kwenye grupu.

Sasa njoo kwenye hela. Kuna vile vitabu vya kuazima usiku, unachukua jioni unarudisha kesho yake asubuhi, na faini yake inahesabiwa kwa saa. Leo kuna dada kasimama pale mlangoni na kitabu mkononi anamuomba mlinzi akipokee, mlinzi anasema yeye si mtu wa maktaba, na kweli si kazi yake. Kwahiyo mlango umefungwa na wenyewe, faini inatembea, na siku ya kliarensi, ile ya kukaguliwa madeni kabla ya kumaliza chuo, huyo dada atapewa kontro namba akalipe la sivyo cheti hapati. Mfumo wa kompyuta ambao maktaba inatumia kuazimisha vitabu ni Koha, na Koha ina kalenda kabisa, unaweka siku ambazo maktaba imefungwa na unaiseti isihesabu faini siku hizo. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyekaa kwenye kompyuta. Wameweza kukumbuka riboni wakasahau hilo.

Kinachoniuma zaidi ya vyote ni wenzetu wasioona. Zile kompyuta zenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti ziko ndani ya maktaba tu, hapa chuoni hakuna pengine. Mimi nikifungiwa mlango nitahangaika nitapata kimbweta, zile meza na benchi za kusomea nje, yeye aende wapi? Asubuhi kuna kaka mmoja kaongozwa na mwenzake mpaka pale, mwenzake akamsomea ile karatasi, wakakaa kwenye ngazi. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyetoka kuongea nao. Naomba mtu wa ofisi husika ajibu hili peke yake, mengine hata akiyaacha.

Hivyo vimbweta vyenyewe soketi nyingi zimekufa, mvua ikinyesha unakimbia, na jioni taa ni za kubahatisha. Waliopanga mtaani ndo wanaumia kabisa maana geto umeme wa kugombania na bando la kujinunulia, wanapanda daladala kuja chuo kwa sababu ya hiyo meza na hiyo waifai. Majarida ya mtandaoni nayo kwetu yanafunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo tu, kwahiyo nje ya pale huna kitu. Wakati Research4Life ipo, mpango wa kuvipa vyuo majarida ya mtandaoni, ilianza na Hinari mwaka 2002 kwa masomo ya afya, baadae wakaongeza kilimo, mazingira na mengine, na vyuo vya nchi kama yetu vinapata bure au kwa ada ndogo. Chuo kikishajisajili kinapewa paswedi. Sasa hiyo paswedi anakaa nayo nani na kwanini tusipewe tukasome hata tukiwa nyumbani?

Mtu asiniambie shida ni majengo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) iliyozinduliwa Novemba 2018 inachukua watu 2,100 kwa mara moja na waliojenga waliweka ukumbi wa mikutano wa peke yake wa watu 600, maana waliona mapema kwamba wageni na wanaosoma hawawezi kugombania chumba kimoja. Sisi hatuna hela hiyo sawa, ila tuna kumbi za mihadhara ambazo wiki hii hazina kipindi hata kimoja, ziko tupu, zina spika tayari! Kongamano lipelekwe huko.

Tunachotaka ni wiki ya kujisomea na kipindi chote cha UE kusiwe na shughuli yoyote kwenye chumba cha kusomea, na ratiba ya matukio ya maktaba itoke mwanzo wa muhula ibandikwe na itumwe kwa ma-CR wote. Faini za leo na kesho zifutwe bila mtu kuandika barua. Kile chumba cha wasioona kifunguliwe leo hii, kina mlango wake wa pembeni, kongamano haliguswi na chochote. Serikali ya wanafunzi mmekaa kimya tangu asubuhi, mnasubiri nini?

Walioko vyuo vingine tuambieni, kwenu kipindi cha UE maktaba inafungwa saa ngapi na taarifa mnapewaje? Nataka niyaprinti majibu niyapeleke ofisini kesho asubuhi.