NDOA YA RUKIA 💍 Ukoo wa Mzee Omari, Tanga

*Jumatano*

Shangazi Mwana 07:12
Asalaam aleikum. Jana jioni fundi kamaliza kufunga injini, ikawaka. Inatetemeka kama mwenye homa, kisha inalipua. PAH! PAH! Majirani wote nje. Video hiyo hapo. Jamani, harusi Jumamosi

Shangazi Mwana 07:13
Rukia atatolewa kwenye Volkswagen ya babu yake, hilo halina mjadala. Nataka mawazo, na elfu arobaini ya fundi

Shangazi Mwana 07:41
Watu kumi na tisa mmesoma. Naona tiki

Salimu 08:02
Shangazi, si tuseme ni fataki za harusi 😂

Zainabu 08:03
😂😂😂

Shangazi Mwana 08:04
Salimu kama huna la maana kalale. Pistoni mpya nne, silinda mpya nne, ringi zote. Hela za watu zile

Ami Athumani 09:15
Petroli chafu. Osheni kabureta

Shangazi Mwana 09:16
Imeoshwa mara mbili kaka

Ami Yusufu 10:26
Dada, inalipulia kwenye kabureta au kwenye ekzosi? Ni magonjwa mawili tofauti

Shangazi Mwana 10:27
Yusufu, kaa mbali na hilo gari. Ulivyoiunguza injini safari ya Hale hatujasahau

Ami Yusufu 10:31
Nimeuliza tu

Zainabu 10:50
Samahani, kitambaa cha sare ni kijani kipi? Dukani wana vitatu

Ami Athumani 11:20
Msiidharau hiyo gari. Safari Rally ya 1962 ilishinda Volkswagen, matope yote yale

Salimu 11:22
Na sasa Chumbageni haifiki 😭

Shangazi Mwana 11:23
TUNAONGELEA INJINI

Bakari Muscat 21:48
Shikamooni. Nilikuwa kazini. Nimeisikiliza video mara nne. Inapiga kotekote, kabureta kwanza, ekzosi inafuata. Hiyo si petroli. Shangazi, naomba picha ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, kwa juu, waya za plagi zionekane zote

Shangazi Mwana 21:55
📷 Picha

Bakari Muscat 22:09
Nimeona. Fundi kazifunga kama za Toyota, silinda zinapata moto kwa zamu ya 1-3-4-2. Volkswagen ni 1-4-3-2, na rota ya ndani ya distribyuta inazunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo waya ya 3 na ya 4 zimebadilishana. Silinda ya 3 inapigwa moto wakati valvu ya kuingiza bado haijajifunga sawasawa, moto unarudi kwenye kabureta. Ya 4 inachelewa, mchanganyiko unawakia kwenye ekzosi. Mbili tu ndizo zinafanya kazi, ndiyo maana inatetemeka

Bakari Muscat 22:11
Msimamishe fundi nyuma ya gari atazame mbele. Upande wa dereva: 1 ipo karibu na viti, 2 karibu na bampa. Upande wa pili: 3 karibu na viti, 4 karibu na bampa. Kabla hajabadilisha, achomoe waya ya 3 na ya 4 kwenye kifuniko, awashe kidogo tu. Milipuko ikikoma, jibu ndilo hilo

Bakari Muscat 22:14
Na tapeti, yaani nafasi za valvu, azipime asubuhi, injini baridi kabisa, 0.15 mm zote nane. Ikibana sana, valvu haifungi, italipua tena

Bakari Muscat 22:16
Jambo la mwisho, mabati yanayoizunguka injini yarudishwe YOTE. Hii haina maji, inapozwa na upepo wa feni. Upepo ukikosa njia, silinda ya 3 ndiyo inaungua kwanza, kipoza oili kimekaa juu yake

Shangazi Mwana 22:18
Hayo ya mabati kamuulize baba yako Yusufu

Bakari Muscat 22:19
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Alhamisi*

Zainabu 06:35
Bibi kasomewa yote. Ananiambia niandike kama anavyotamka: "Mwana, mwachie Yusufu. Yale mabati baba yenu aliyatoa kwa mkono wake, usiku, kabla ya safari ya Hale. Alisema yanapiga kelele. Mimi nilimshikia tochi. Yusufu alipewa ufunguo asubuhi, hakujua. Mzee aliona haya kusema, na mimi nikamsitiri. Nimechoka kusitiri."

Salimu 06:58
🙏🏾

Ami Athumani 08:10
Subhanallah

Shangazi Mwana 09:44
Mama shikamoo. Nimesikia

Shangazi Mwana 09:45
Waliochangia ile elfu arobaini ya fundi hadi sasa ni wawili. Majina nitayaweka hapa

Ami Yusufu 10:02
Nipo Ngamiani, nina fila geji ya kupimia tapeti. Ufunguo wa gereji anao nani?

Ami Athumani 10:30
Nimeongea na mwenye Noah, Jumamosi akae tayari

Shangazi Mwana 10:31
Kaka nani kakutuma?

Zainabu 10:33
Jamani, kijani kipi?

Shangazi Mwana 10:47
Yusufu, ufunguo ninao mimi. Fundi kasema atarudi baada ya adhuhuri. Njoo, lakini usiwashe kitu mpaka na mimi nifike