Anpan zangu zina uwazi ndani, naomba ushauri

Habari zenu waokaji wenzangu, na wakubwa shikamooni. Nina bekari ndogo hapa Dar es Salaam. Mwezi huu nimeanza kuoka anpan, ule mkate laini wa Kijapani wenye maharage matamu ndani. Azuki, yale maharage madogo ya Kijapani yanayowekwa humo, sipati, natumia maharage mekundu: nachemsha, nachuja maganda, nasonga na sukari. Ladha wateja wameipenda mno. Shida, zikiiva kunabaki uwazi mkubwa juu ya maharage, na nyingine zinapasuka chini. Donge ni gramu 50, maharage gramu 40, oveni nyuzi 180, dakika 13. Nimepunguza hamira, sijaona tofauti. Je, maharage yangu yana maji mengi? Na kwa joto hili la Dar, niache ziumuke mara ya pili kwa muda gani?