Nataka kujifunza kufua chuma nikiwa na miaka 38. Nimlipe mhunzi au ninunue vifaa vyangu?

Mwalimu_wa_Mwanga:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, mwanamke, naishi Moshi. Likizo ya Desemba nataka kujifunza uhunzi. Tuelewane mapema: si kuchomelea. Mageti na madirisha sina shida nayo. Nataka kukiweka chuma kwenye mkaa mpaka kiwive, nikigonge kigeuke umbo. Kila ninayemwambia ananijibu "nenda VETA kasome welding", nimechoka kufafanua.

Chanzo ni safari ya wanafunzi kule Mamba, upande wa Marangu, kwa wale wahunzi wanaofua mikuki ya Wamasai. Mzee mmoja alichukua kipande cha springi ya gari, akakigeuzageuza motoni, akaanza kugonga huku anaongea na watoto kama mtu anayemenya ndizi. Tunashtuka, ncha ya mkuki hiyo. Mimi mwaka wa 13 huu nafundisha joto na metali kwa picha za kitabu.

Sasa nimepata fundi mwingine, amekubali kunifundisha siku sita kwa 120,000, mkaa juu yangu. Mume wangu anasema hizo hela ninunue nyundo na koleo, mengine yapo YouTube. Mama mkwe hataki kusikia kabisa. Anasema mwanamke hasogei kwa mhunzi, na laana ya nyundo haifutiki.

Bei hiyo ni halali? Siku sita nitatoka na nini? Utani ruksa, ila kidogo.

Jembe_Butu:
Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa hapa pembeni nasubiri panga la kwanza.

Fundi_Patasi:
Dada mwalimu, mimi nafua tindo na patasi Gerezani, Dar, mwaka wa 20 sasa. Bei sina ugomvi nayo. Swali la kumuuliza huyo fundi ni hili: nyundo nitashika mimi, au siku sita zote nitapuliza moto? Usicheke. Mimi miezi minne ya kwanza nilikuwa nazungusha rimu ya baiskeli inayoendesha feni ya moto. Nyundo naitazama tu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kazi, wewe unalipa. Mkubaliane kabisa.

Usikubali kuanza na kisu wala mkuki. Najua ndicho roho inachotaka. Anza na msumari, halafu ndoano ya kutundikia. Kwenye ndoano moja unajifunza kuchonga ncha, kurefusha chuma, kukunja na kusokota. Ukiharibu umepoteza kipande cha shilingi mia chache. Springi ni chuma kigumu, kinataka mkono uliozoea, na ukikichovya vibaya kinapasuka mbele ya macho yako. Nunua chuma laini cha mraba, milimita 10 au 12. Nondo ziache, nyingine laini nyingine ngumu, anayeanza zitamchanganya.

Rangi ndiyo somo lenyewe. Chuma laini unakigonga kikiwa cha machungwa kuelekea njano. Kikishuka kuwa chekundu cha giza, rudisha motoni. Wageni wote kosa lao ni moja, wanaona tamu wanaendelea kugonga mpaka kimekuwa cheusi. Hapo chuma hakisogei, mkono ndio unaumia, na kinaweza kuchanika. Na ukikisahau motoni mpaka kinarusha cheche nyeupe, hicho kimeungua, kata hiyo sehemu utupe.

Nyundo isizidi kilo moja. Wanaume wanakuja na nyundo ya kilo mbili kujionesha, saa nne asubuhi wameshakaa chini.

Kipara_Moto:
Fundi unatetea tumbo lako. Mimi nilijifunza kwenye simu, nina jiko langu la ngoma ya breki ya lori na kikaushio cha nywele cha mke wangu. Visu vitatu mpaka sasa.

Fundi_Patasi:
@Kipara_Moto vinakata?

Kipara_Moto:
Kimoja.

Mshana_wa_Ugweno:
Dada, suala la mama mkwe usilipuuze, wala lisikutishe.

Mimi ni Mshana, ukoo wetu Upareni ni wa wahunzi. Babu zetu Ugweno walikuwa na chuma ambacho Wachaga walikuja kukinunua. Kwa hiyo huyo bibi hajatunga. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, maana jembe la kulimia linatoka kwake na mkuki wa kukuua unatoka kwake. Kwa Wamasai wahunzi ni watu wao pekee, ilkunono, na zamani wengine hawakukubali hata kuoana nao.

Ila kuna kazi mbili watu wanazichanganya. Kuyeyusha mawe kupata chuma ndiko kulikokuwa na miiko mikali. Wafipa kule Rukwa walijenga tanuri refu kuliko mtu, malungu, na wakati wa kazi hiyo wanaume walijitenga na wake zao. Kazi hiyo imekufa, chuma cha dukani kiliiua. Wewe unakwenda kufua chuma kilichokwisha kuwa chuma. Kwa wazee wengi hiyo ni habari nyingine. Mpelekee bibi sukari, mkae, umuulize yeye aliona nini utotoni. Usiende na majibu.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, mimi ya miiko siyajui, nayajua ya wodini. Vaa pamba au jinzi. Kitenge cha nailoni kikishika cheche kinayeyukia kwenye ngozi. Viatu vya kufunika, suruali ishuke juu ya kiatu, usiichomeke ndani, maana cheche huingia humo zikakaa. Miwani lazima. Nywele funga.

Mabomba ya maji yale ya kung'aa na mabati msiyatie motoni kabisa. Yamepakwa zinki, moshi wake usiku unakuletea homa na kutetemeka ukadhani ni malaria. Na mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hilo hata bila uhunzi linaua kila msimu wa baridi.

Ukiungua, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga wa ngano. Nimeosha vyote hivyo kwenye mikono ya watu.

Mzee_wa_Stesheni:
Mtakaomshauri anunue kipande cha reli kiwe fuawe yake, yaani chuma cha kugongea juu yake, mshaurini pia wakili. Reli ni mali ya umma, ukikutwa nayo utaeleza uliitoa wapi. Kipande kinene cha chuma chakavu chenye risiti kinatosha.

Jirani_wa_Kamukunji:
Salamu kutoka Nairobi. Hapa Kamukunji kelele utazisikia kabla hujafika, lakini mwingi ni ufundi wa bati baridi: makarai, masanduku, majiko. Nasema hivi ili mtu asije akakwambia panda basi uje huku. Moto unaoutaka uko hapo kwenu mlimani.

Mwalimu_wa_Mwanga:
Mrejesho, wakuu. Samahani nimechelewa, vidole vilikuwa havishiki simu.

Nimemaliza siku sita. Siku ya kwanza nilizungusha feni mpaka saa saba mchana, nikamkumbuka Fundi_Patasi. Nikadai nyundo, nikapewa. Nimefua misumari 11 (minne imenyooka) na ndoano tano. Nilichogundua ni kwamba unasikia kabla hujaona: chuma kikiwa kimewiva pigo linazama, kikipoa nyundo inalia na kukurudia mkononi. Hilo halimo kwenye kitabu changu. Nimeungua mara moja, kwa kuokota kipande cheusi nikidhani kimepoa. Maji dakika 20, ahsante mama nesi.

Bibi nilimpelekea sukari. Akanisimulia mhunzi wa kijijini kwao kwa saa nzima, mwisho akasema bado hapendi. Juzi kaleta mundu wake wa majani ya ng'ombe, kauweka mlangoni bila neno.

Siku ya mwisho nilikwenda na sumaku ya maabara. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, nikataka kumwonesha fundi sayansi. Akaniambia, "Mwalimu, shika sumaku yako, mimi nitasema." Akatazama moto, akasema "sasa." Nikagusa, haikushika. Tukarudia mara tatu, mara zote tatu yuko sawa, kwa macho tu.

Halafu akaiomba sumaku. Ninayo kazi ya kuandika kitu kwenye daftari la vifaa vya maabara kabla shule hazijafunguliwa.

Fundi_Patasi:
Andika "imeungua." Na huo mundu usiuguse bado, tuma picha kwanza.