Meneja "alichajiwa" kwa wizi: nimfundisheje Mvietnam maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi?

mwalimu_wa_donholm

Hamjambo wadau. Naomba msaada wa walimu, wafasiri na yeyote aliyewahi kuishi na Wavietnam.

Nafundisha Kiingereza mtandaoni nikiwa nyumbani, Donholm. Wanafunzi wangu ni watano, wote wa Vietnam, na huyu anayenikosesha usingizi ni mhandisi wa mitambo, mama wa mtoto mmoja, anaishi Hải Phòng. Tunaanza saa kumi jioni ya Nairobi, kwake ikiwa saa mbili usiku, mtoto ameshalala. Hakosi, hachelewi, na sarufi anaijua kuliko mimi siku nikiwa nimechoka.

Shida ni daftari lake. Amelipiga mstari katikati kwa rula, kila ukurasa. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kivietnam, moja kwa moja, kama kiatu na mwenzake. "Run" ni *chạy*. "Address" ni *địa chỉ*. "Charge" ni *sạc*, yaani kuchaji simu. Ana maneno 3,000 na ushei, ameyahesabu mwenyewe.

Wiki iliyopita tulisoma kipande cha habari nilichokikata gazetini. Kulikuwa na sentensi "The manager was charged with theft". Akanyamaza, macho juu, kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama kwetu wezi hutiwa kwenye stima. Nilicheka hadi nikazima kamera. Alikuwa ameelewa kwamba meneja alichomekwa ukutani.

Nilipowasha kamera tena akanisimulia jambo lililonitoa kicheko. Bosi wake mgeni alimwandikia: "Please address this issue today." "Address" analijua, ni anwani. "Issue" analijua pia, alilijifunza kama toleo la jarida. Basi alishinda nusu siku akitafuta anwani ya jarida asilolijua, mwisho akaandika kuuliza ni jarida gani. Bosi akausambaza ule ujumbe ofisini, watu wakacheka. Tangu siku hiyo hatumi barua pepe mpaka mtu wa pili aipitie.

Nimejaribu kumpa orodha. Nilimwandikia maana 12 za "run": kukimbia, kuendesha biashara, kugombea kiti na kadhalika. Jumatano alikuwa amezikariri zote bila kosa. Alhamisi nikamwambia nina mafua, "my nose is running", akauliza ni nani anaiendesha.

Sasa niambieni. Nimwongezee orodha, au hilo daftari tulichome?

hanoi_mpaka_rongai

Pole mwalimu, ila umenichekesha. Mimi nilisoma Hanoi miaka minne, sasa niko Rongai, na Kivietnam changu kinaanza kuota kutu.

Usichome daftari. Kwanza mkumbushe kwamba lugha yake imejaa vituko hivyo hivyo, ila haoni kwa sababu amezaliwa ndani yake. Wiki yangu ya kwanza kule nilikaa kwenye kile kistuli chao cha plastiki kando ya barabara, nikaletewa *trà đá*. *Trà* nilishajua ni chai. *Đá*, kwa kitabu changu, ilikuwa jiwe. Chai ya mawe! Nikachungulia glasi. Kumbe *đá* ni jiwe, na ni barafu, na ni kupiga teke pia. Mpira wa miguu wanauita *đá bóng*. Chukua na *đường*: ni sukari, ni barabara. Hakuna Mvietnam aliyewahi kutia barabara kwenye chai.

Muulize anajuaje. Atakwambia, "Ah, si inaonekana tu?" Hapo ndipo umkamate. Inaonekana kwa nini? Kwa sababu ya maneno yaliyo jirani. Ukisikia *con* mbele ya *đường*, hiyo ni barabara. Ukisikia *hòn* mbele ya *đá*, hilo ni jiwe. Hilo jicho la kuangalia jirani analo tangu utotoni, ila akifika kwenye Kiingereza analifumba na kutegemea daftari.

Halafu kuna upande wa pili, na huu ndio mtamu. Pengine Kiingereza kina neno moja pale ambapo wao wanayo manne, na sisi tunayo matatu. "Rice": shambani ni *lúa*, likivunwa na maganda yake ni *thóc*, likikobolewa ni *gạo*, likiiva ni *cơm*. Sisi tuna mpunga, mchele, wali. Kwa daftari lake "rice" itakuwa *cơm*, kisha siku moja atasoma "rice field" apate shamba la wali, limepikwa tayari. Vivyo hivyo "carry". Wao: mzigo begani ni *vác*, mtoto mgongoni ni *cõng*, mtoto mikononi ni *bế*, kichwani ni *đội*, na ule mti wa begani wenye vikapu viwili ni *gánh*. Sisi tunaeleka, tunapakata, tunajitwika. Na "uncle" je? *Bác* ni kama baba mkubwa, *chú* ni baba mdogo, *cậu* ni mjomba. Ukimwambia hayo ataona kwamba wewe na yeye mko upande mmoja, na Kiingereza ndicho kigeni kwenu nyote wawili. Mimi hilo lilinisaidia kupata marafiki kuliko zawadi yoyote ya kahawa niliyobeba kutoka nyumbani.

mzee_wa_kamusi

Nimefurahi kusoma. Kijana wa Rongai amesema neno, mimi naongeza chumvi kidogo.

Hivyo anavyoeleza *con* na *hòn*, sisi kazi hiyo tunaifanya kwa ngeli. Mbuzi huyu ana ndevu, mbuzi hii ni ya kukunia nazi. Kaa huyu anatembea upande, kaa hili litakuunguza. Paa huyu amekimbia, paa hili linavuja. Neno moja, lakini viambishi vinakwambia uko wapi. Kiingereza hakina msaada huo. "Address" ya bahasha na "address" ya kushughulikia jambo zimeandikwa sawasawa. Kwa hiyo, mwalimu, mwanafunzi wako ametoka kwenye lugha yenye vibao vya barabarani akaingia mjini pasipo na kibao. Usimlaumu kwa kupotea.

Kuhusu "charge", nina dawa. Neno hilo asili yake ni Kilatini cha zama za mwisho, *carricare*, kupakia mzigo garini. *Carrus* ni gari la kukokotwa. Basi kila ukiliona, fikiria kutwika. Simu unaitwika umeme. Mteja unamtwika bei. Mshtakiwa anatwikwa kosa. Msimamizi ametwikwa jukumu, ndiye "in charge". Picha ni moja, mizigo ndiyo inabadilika.

Lakini tahadhari: si kila neno lina mzizi mmoja. "Bat" ya popo na "bat" ya kriketi hazina undugu wowote, zimegongana tu njiani. Hizo mwambie ni maneno mawili yanayovaa sare moja, asipoteze usiku kutafuta ukoo.

zamu_ya_usiku

Mzee wangu, shikamoo, na heshima zako zote, lakini Kilatini hakimsaidii mtu mwenye barua pepe ya saa tatu asubuhi na bosi anayesubiri jibu.

Mimi napokea simu za wateja wa ng'ambo, ofisi iko Upper Hill, nalipwa kwa Kiingereza. Na bado wiki yangu ya kwanza kazini mteja aliniambia ana "outstanding balance". Shuleni "outstanding" ilikuwa ile ya ripoti: bora sana, hongera. Nikampongeza. Akanyamaza. Nikampongeza tena, nikidhani laini ni mbovu. Supavaiza alikuwa anasikiliza simu ile. Mteja alikuwa anazungumzia deni.

Dawa yangu ni hii: nisiandike neno peke yake, hata siku moja. Naandika kipande kizima kama nilivyokisikia. "Charge a fee." "Free of charge." "Charged with theft." "Address an issue." "Issue a receipt." Kile kidude "with" ndicho kinachobeba kesi nzima: ukiona "charged with" na nyuma yake kuna kosa, mtu yuko kortini. Ukiona pesa, ni bili. Betri ikitajwa, tafuta soketi. Sihitaji kujua Warumi walipakia nini.

Kitu kingine mwalimu: mwulize mwanafunzi kwanza hilo neno linafanya kazi gani kwenye sentensi, kabla ya kuuliza maana. Maneno ya Kivietnam hayabadiliki umbo, kwa hivyo hana mazoea ya kukagua mkia wa neno. "Please address": baada ya "please" unategemea kitendo. Anwani si kitendo. Angejiuliza hilo tu, asingekwenda kutafuta jarida.

mzee_wa_kamusi

Marahaba. Deni la kupongezwa! Nimecheka peke yangu hapa sebuleni. Nakubali vipande ni muhimu, ila binti yangu, vipande 40 vya "charge" bila picha ni orodha nyingine tu, na mwalimu ameshasema orodha zilimshinda.

mwalimu_wa_donholm

Nimerudi na majibu, maana nimejaribu yote.

Siku ya kwanza nilianza na *trà đá*. Nikamwuliza kama anaogopa kuvunja meno. Hakuelewa. Nikamwandikia *hòn đá*, *trà đá*, *đá bóng*, moja chini ya nyingine. Akaangalia muda mrefu, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka. Ana miaka 34 na hajawahi kugundua kwamba ni neno lilelile. Akamwita mumewe aje aone.

Siku ya pili nikamletea mzigo wa mzee. Nilikuwa nimeandaa mchoro wa mkokoteni na kila kitu. Nilipofika "in charge" akanikatiza: *gánh!* Ule mti wa vikapu viwili. Kumbe kwao deni pia hubebwa hivyo, *gánh nợ*, na jukumu vilevile. Sikuhitaji mkokoteni tena. Amepita "charge" ya bei, ya kosa, ya betri, ya kazi, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwao.

Mzee, tulikwama kwenye fahali. "The bull charged at him." Akaandika kwamba fahali alimtwika mtu mzigo. Nikakuna kichwa, stima nayo ikapotea, nikashukuru Mungu. Tuliporudiana nikamwambia hiyo iandikwe peke yake na "at" yake, kama zamu_ya_usiku anavyosema, tusonge mbele.

Daftari la zamani amelifungia kabatini. Amenunua jipya, halina mstari katikati, ingawa rula hajaiacha: kila ukurasa una kisanduku cha neno moja, na pembeni vipande vyake. Ukurasa wa "charge" ulimchukua siku nne. Kisha, mhandisi ni mhandisi, akafanya hesabu. Maneno 3,000 kwa siku nne nne ni siku 12,000. Miaka 33 hivi. Akaniuliza kama ada itabaki ileile.

Nimjibu nini?

hanoi_mpaka_rongai

Mwambie nusu ya hiyo kazi haipo. Maneno yanayosumbua ni yale mafupi ya kila siku: "get", "take", "run", "set", "put". "Oxygen" haitamsumbua. "Thermometer" iache kwenye daftari la zamani na mstari wake.

mzee_wa_kamusi

Kweli. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, kitenzi "set" peke yake kilipewa maana zaidi ya 400. Asianze na hilo.

zamu_ya_usiku

Na asifungue kamusi hiyo kabisa! Achukue barua pepe alizotumiwa mwezi huu, atoe maneno yaliyomkwamisha. Hayazidi 30. Hayo ndiyo ya kujifunza, mengine yakija yatajitambulisha.

Mwalimu, yeye ni mhandisi, angalia sana "plant". Nina hakika kwake ni kiwanda tu.

mwalimu_wa_donholm

Barua pepe tumeanza, tumepata maneno 22. Na "plant" umeotea: nilimpa "She waters the plants every morning" akasema huyo mama atasababisha ajali.

Jambo moja tu, zamu_ya_usiku, hili ni lako. Nilimsimulia kisa chako cha kumpongeza mdaiwa, akakipenda sana, akakifungulia ukurasa. Leo asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe wake: "Teacher, my boss wrote that my work is outstanding. How much do I owe?"

Nimemwambia aombe nyongeza ya mshahara.